Mbwa mkorofi kugeuka mbwa wa familia: jibu refu kwa mleta mada

Mleta mada ameeleza hali ambayo miaka sita iliyopita ilininyima usingizi mimi mwenyewe. Ana mbwa dume wa miezi kumi na moja, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, anayemrukia kila mgeni, anayeangusha nguo zilizoanikwa, anayevuta kamba mpaka bega la anayemshika linauma, na sasa mke wake anataka mbwa huyo aondoke kabla hajamwangusha mtoto wao wa miaka minne. Ameuliza mambo matatu: kama kwa umri huo bado anafundishika, kama ampeleke kwa mkufunzi akakae huko mwezi mzima, na kama mbwa aliyefundishwa adabu hatapoteza ukali wa kulinda nyumba. Naomba nijibu kwa urefu, kwa sababu mimi niliponzwa na majibu mafupi.

Mbwa wetu anaitwa Jeki. Tulimchukua akiwa na wiki sita, tukamjengea banda nyuma ya nyumba hapa Goba, na kwa ushauri wa karibu kila aliyemwona tukawa tunamfungia humo mchana kutwa na kumfungulia saa nne usiku. Tuliambiwa kwamba mbwa akizoea watu hulegea. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kosa hilo tulilifanya katika wiki ambazo hazirudi tena. Mtoto wa mbwa, kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne ya maisha yake, ndipo anapopokea kwa wepesi kwamba watu, watoto, pikipiki, kuku na miavuli ni mambo ya kawaida. Akikipitisha kipindi hicho ndani ya banda, kila kitu kipya humjia ama kama tishio ama kama sherehe. Jeki alitoka na vyote viwili: watu aliwarukia kwa furaha, pikipiki alizikimbiza, na mtu mwenye mwavuli alimbwekea mpaka mate yakamtoka.

Jirani yetu wa upande wa kulia ni mzee ambaye kila alfajiri hupita mbele ya geti letu akienda msikitini. Asubuhi moja nilifungua geti nitoe gari, Jeki akapenya pembeni yangu, akamfikia mzee, akasimama kwa miguu ya nyuma na kuukandamiza mdomo wake uliolowa kwenye kifua cha kanzu. Hakumng'ata. Mzee naye hakupiga kelele. Alimulika tochi kwenye ile alama ya mate, akasema, "Basi mwanangu, itabidi nirudi," akageuka taratibu kuelekea kwake, huku ikama, wito wa kuanza swala, ikisikika kutoka msikitini. Wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi hapa pwani, huosha mahali palipoguswa na mate ya mbwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kwa hiyo sikuwa nimechafua kanzu tu. Nilikuwa nimemkosesha mzee wangu swala ya jamaa. Jioni nilikwenda na mke wangu kumwomba radhi, naye akatujibu, "Sina ugomvi na mbwa wenu. Mimi nataka kupita tu." Maneno hayo yalinichoma kuliko ambavyo matusi yangenichoma.

Wiki iliyofuata nikafanya hicho ambacho mleta mada anafikiria kukifanya. Nilimpeleka Jeki kwa mtu aliyesifiwa kwa kunyoosha mbwa, nikalipa, nikamwacha huko mwezi mzima. Siku ya kumchukua alinionyesha mbwa aliyekaa, akalala na kusimama kwa amri kama askari wa gwaride, nami nikarudi nyumbani nimefurahi. Usiku ule niliinua mkono kufunga pazia, Jeki akajikunja ukutani na kujikojolea. Mambo aliyoyatenda kwa hofu mbele ya yule mtu, kwangu hakuyatenda hata kidogo, na ndani ya siku kumi alikuwa anarukia wageni kama zamani, tofauti ikiwa moja tu, kwamba sasa alikuwa pia anamnungurumia mwanamume yeyote aliyeshika fimbo. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama, lakini hata bila sheria, kipigo hakikunipa nilichokilipia.

Sababu yake si ngumu. Mbwa hajifunzi adabu kwa jumla jumla. Hujifunza kwamba mahali fulani, mbele ya mtu fulani, tendo fulani huleta kitu fulani. Jeki alijifunza namna ya kuishi na yule mtu katika ua wake. Kuhusu sebule yangu, geti langu na watoto wangu hakuwa amefundishwa lolote. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la pili ni kwamba usimpeleke akae huko. Ukipata mkufunzi mzuri, na wapo, awe ni yule anayekuja nyumbani kwako, anayekushikisha wewe kamba na kukusahihisha wewe.

Najua wapo wanaoona kumfundisha mnyama kwa chakula ni kumdekeza, au ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, ndiye aliyeonyesha jinsi mbwa anavyotokwa na mate kwa ishara tu iliyozoeleka kutangulia chakula. Lakini mfano ulionishawishi mimi uko Morogoro. Shirika la APOPO, lililopo pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, limekuwa likiwafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya hufundishwa kwanza kwamba mlio mfupi wa kidude cha mkononi maana yake ni chakula. Baada ya hapo kila anapofanya sahihi husikia mlio ule na kupewa kitu kama ndizi. Hakuna anayempiga panya ili anuse bomu. Nilijiuliza, ikiwa panya anafika huko, kwa nini mbwa wangu ashindwe kukaa chini mgeni anapoingia?

Nilianza na bakuli lake. Kwa wiki mbili Jeki hakula bakulini hata siku moja. Ugali wake wa dona na dagaa niliuviringa matonge madogo, na pembeni niliweka firigisi za kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, nimezikata vipande vya ukubwa wa punje ya harage. Chakula chote kilipita mkononi mwetu, nacho alikipata kwa kufanya jambo. Unashika kipande mbele ya pua yake, unakipandisha polepole kuelekea nyuma ya kichwa chake. Pua inafuata juu, na makalio, kwa jinsi mwili ulivyoumbwa, yanashuka yenyewe. Makalio yanapogusa chini tu, unasema "Safi!" na kipande kinaingia mdomoni. Hapo ndipo wengi hukosea, nami nilikosea siku tatu za kwanza: nilikuwa napapasa mfuko kutafuta firigisi, na ilipopatikana Jeki alikuwa ameshanyanyuka, kwa hiyo nilikuwa namlipa kwa kusimama. Neno lile fupi linatakiwa litoke ndani ya sekunde moja. Dakika tano zinatosha, mara tatu kwa siku, na kwa joto la Dar mazoezi yawe kabla jua halijapanda au baada ya kuzama, maana mbwa hatoi jasho kama sisi bali hujipoza kwa kuhema, na lami ya saa saba mchana inaunguza nyayo zake.

Kurukia watu kulichukua muda zaidi, kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliokuwa tunamlipa kwa kurukia. Mbwa akikurukia nawe ukamsukuma, ukamtazama na kumpigia kelele, kwake yeye umecheza naye. Tulikubaliana kwamba anayerukiwa ageuke, akunje mikono na awe kama nguzo; Jeki akiweka miguu yote minne chini na kukaa, hapo ndipo anapata jina lake, macho na mkono wa kumpapasa. Siku ya nne hali ikawa mbaya kuliko mwanzo, anaruka juu zaidi na kubweka, na mke wangu akasema njia imeshindikana. Mleta mada, siku hiyo itakufikia nawe, usikate tamaa. Tabia iliyozoea kulipwa, malipo yakikatika, hupiga kelele kwanza kabla ya kufifia.

Kilichotuchelewesha zaidi hakikuwa Jeki. Shemeji yangu alikuja kila Jumapili, naye alipenda kurukiwa. "Mwacheni, ananipenda," alikuwa akisema, huku akimkumbatia. Mbwa anayelipwa mara moja moja bila utaratibu hushikilia tabia kwa nguvu kuliko anayelipwa kila mara, kama mtu anayecheza bahati nasibu, hivyo Jumapili moja ilikuwa inafuta kazi ya siku sita. Tuligundua pia kwamba mimi nilikuwa nasema "kaa chini", dada wa kazi "keti", na watoto "tulia", kwa tendo lile lile. Nikaandika maneno matano kwenye karatasi na kuibandika kwenye mlango wa friji: Kaa, Lala, Subiri, Njoo, Acha. Kila mmoja akayasoma, shemeji akiwemo, naye nilimweka kikao kamili kama tunavyowekana kwa mambo ya ukoo. Nasema bila kusita kwamba karatasi ile ilifanya kazi kubwa kuliko firigisi zote.

Kuhusu kuvuta kamba, kanuni ni moja: kamba ikikaza, miguu yako inasimama, ikilegea, mnaendelea. Siku ya kwanza kutoka getini mpaka duka la Mangi, mwendo wa dakika tano, tulitumia dakika arobaini, watu wakitutazama. Pikipiki zilihitaji umbali. Nilisimama naye mbali na kijiwe cha bodaboda, mahali ambapo alikuwa anaziona lakini bado anaweza kula, na kila pikipiki iliyopita ilifuatana na firigisi. Kila siku tulisogea hatua chache. Akigoma kula, maana yake umesogea mno, rudi nyuma. Ilituchukua wiki tisa.

Kuhusu nguo za kwenye kamba, ukizikuta chini na mbwa amejilaza mbali, umeshachelewa. Wengi husema mbwa anajua kosa lake kwa sababu anainamisha kichwa. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alionyesha kwamba ile sura ya hatia hutokea kwa sababu ya kukaripiwa na mwenye mbwa, awe mbwa amekosa au hajakosa. Ukimpiga wakati huo unamfundisha kukuogopa unaporudi kazini. Pandisha kamba juu, mpe mfupa mbichi wa ng'ombe atafune, na mtembeze kabla ya kumwacha peke yake.

Sasa suala la mtoto, ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Mtoto wa miaka minne na mbwa wasiachwe peke yao hata kwa dakika ya kwenda jikoni, awe mbwa amefundishwa vipi. Mtoto afundishwe kutomgusa mbwa anapokula au anapolala, na kutomkumbatia shingoni. Mbwa akinguruma, usimwadhibu; mwondoe mtoto kwa utulivu na ujiulize ni nini kilichomkera. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyepigwa kwa sababu ya kuonya hujifunza kuuma bila kuonya. Na kabla ya mazoezi yoyote ya kuweka mikono karibu na mdomo wake, hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa, chanjo ambayo kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kadiri daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo, kwa maana dalili za ugonjwa ule zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Umri usikutie hofu. Jeki alikuwa na mwaka mmoja na nusu tulipoanza upya. Na ulinzi haukupotea. Usiku bado hubweka mtu akishika ukuta, ila nikisema "Acha" hunyamaza. Zamani alibwekea kila kitu mpaka tukaacha kumsikiliza. Siku hizi akibweka saa nane usiku, mimi naamka.

Zoezi la mwisho lilikuwa la geti. Kila likifunguliwa, Jeki alitakiwa akae mpaka asikie "Haya". Tulianza na kugusa komeo tu, kisha kulifungua kidogo, kisha wazi kabisa nikiwa nimesimama nje, mamia ya mara. Masika ya mwaka uliofuata nilifungua geti alfajiri, mvua ikinyesha, na mzee akatokea na mwavuli mweusi, kitu ambacho Jeki alikiogopa kuliko vyote. Alikaa. Alikuwa anatetemeka mabega, lakini macho aliyakaza kwangu badala ya kwenye mwavuli, nami nikamlisha kipande baada ya kipande mpaka mzee akatufikia. Alisimama ng'ambo ya mfereji, akamtazama kwa muda.

"Ndiye yule yule?"

Nikamwambia ndiye. Akaitikia kwa kichwa, akarekebisha mwavuli wake na kuendelea na njia.