Mustang inayovuja miguuni: mwacheni huyo wa mastiki

Swali: Fundi, salamu kutoka Kampemba, Lubumbashi. Baba mkubwa alituachia Ford Mustang ya 1966, silinda sita, iliyolala nje miaka mingi chini ya mjakaranda. Mimi na binti yangu wa miaka 15 tumeshafufua injini. Ila sakafu ina matundu, upande wa dereva na wa abiria. Tolye mmoja, yaani fundi wa bati za magari, anasema atajaza mastiki (uji wa kuzibia unaokauka na kuwa mgumu) na nyuzi za kioo, apake rangi, na kwa siku nne kazi imekwisha. Tumpe, ili binti alione limekamilika kabla ya shule kufunguliwa?

Jibu: Msimpe, Papa. Magari ya namna hii naletewa kila mara, na mwenye gari husema maneno yale yale: "Sakafu ilishatengenezwa." Nikichokonoa kwa bisibisi, bisibisi inatokea upande wa pili.

Kwanza tafuteni maji yalipopita. Chini ya kioo cha mbele, nyuma ya kapo (kifuniko cha injini), kuna bati lenye vijitundu vya hewa, na ndani yake sanduku la chuma. Hewa hushukia mashimo mawili, moja kila upande, na kila shimo limezungushiwa ukingo ulioinuka ili mvua ipite pembeni na kumwagika nyuma ya mabawa ya mbele, yaani bati za ubavuni juu ya magurudumu. Mustang za miaka hiyo zinajulikana kwa kuoza hapo. Maua ya jakaranda yanaingia, yanageuka matope, matope yanashika unyevu, na ukingo unaliwa kwenye shina lake. Tangu hapo kila mvua inashukia kwenye zulia. Ndiyo sababu mna matundu pande zote mbili.

Toeni zulia. Binti alale chini ya dashibodi na tochi, wewe umwage maji polepole kwa mpira kwenye vile vijitundu, upande mmoja kisha mwingine. Akiona tone, sanduku lazima lifunguliwe: nukta za kulehemia, zile zinazoshika bati na bati, zitobolewe moja moja, bati la juu litoke, kingo zijengwe upya. Inachosha, lakini mtoto aliyefufua injini anaiweza. Mkiruka hatua hii, sakafu mpya nayo itaoza.

Sasa hiyo mastiki. Ni utomvu wa poliesta uliochanganywa na unga wa talki, na kazi yake ni kusawazisha kibonyeo cha milimita mbili tatu juu ya chuma kizima, kikavu, kilichosuguliwa hadi kung'aa. Haibebi mzigo. Inanyonya maji na kuyabana kwenye chuma, na kutu inaendelea kula mahali ambapo hamuoni. Tena Mustang haina shasi ya peke yake kama Land Cruiser za zamani. Sakafu, vizingiti vya milango na mihimili iliyolehemewa chini yake ndivyo vinavyoshika gari zima. Kiti atakachokalia binti yako kimefungwa kwa bolti kwenye sakafu hiyo. Huyo tolye anataka kukifunga kwenye unga!

Kateni mpaka mfike kwenye chuma kizima, kisha lehemuni bati jeusi la karibu milimita 1. Kabla ya kukata, lehemuni mabomba ya kuimarisha katika nafasi za milango, gari likae kwa uzito wake kama linavyokaa kwenye magurudumu, mmalize upande mmoja kabla ya kugusa wa pili. Msikubali bati la paa la nyumba. Lina zinki, na moshi wake wakati wa kulehemu huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Wengine watawauzia asidi ya betri ya kuondolea kutu. Isifike karibu na mtoto. Kiangazi ndicho wakati wa kazi hii, na ikipita likizo, iendelee likizo ijayo.

Pesa ya rangi ianzie kwenye breki. Mustang ya 1966 ina pampu kuu yenye njia moja: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki. Ford iliweka njia mbili kuanzia modeli ya 1967.

Wengine mnaosoma hapa mkidhani haya ni ya Mustang tu, mnajidanganya. Mastiki ile ile imejaa kwenye teksi tunazopanda na kwenye magari yanayouzwa barabarani yaking'aa kama mapya. Mtu anatoa dola zake zote kwa sababu rangi inampendeza, mvua za Novemba zinaanza, na kufikia Machi mlango unaning'inia. Kabla ya kulipa, funga sumaku ndogo kwenye kitambaa laini, uipitishe kwenye vizingiti, chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu. Pale inapoteleza bila kunata, mastiki ni nene au chuma hakipo.