Re: Feni ya hita inazunguka ila moto hauwaki

Mkuu, umesema hita ya gari lako la kambi usiku feni inazunguka ila moto hauwaki, kabla hujafungua chochote pima betri kwanza. Ndani kuna swichi ndogo inayosukumwa na upepo wa feni, upepo ukiwa hautoshi swichi haishiki na gesi hairuhusiwi kupita, sasa betri ya volti 12 ikichoka kwa baridi feni inazunguka kivivu tu, we unaisikia inalia kumbe haina nguvu. Yangu ilinitesa siku mbili nikidhani bodi ya umeme ya hita imekufa, kumbe nywele za mbwa zimenasa kwenye kile kibati cha swichi, nikazitoa na kibano ikawaka palepale. Ila zima gesi na utoe waya wa betri kabla ya kugusa ndani.

Cheki pia mtungi uwe wa propani, butani ikifika karibu nyuzi 0 haitoi gesi ya maana. Na bomba la moshi kule nje buibui wanapenda kutaga humo, safisha kila msimu. Halafu nakusihi sana, jaribu alamu ya kaboni monoksidi kabla hamjalala, ile sumu haina harufu kabisa.