Jibu: Kampuni inataka leseni ya kipekee, na bango tulishalionyesha kongamanoni

Salamu ndugu. Kama nimekuelewa, kampuni inataka leseni ya kipekee (wao tu ndio wakitumie) ya kitambuzi chenu, yaani kifaa cha kupimia, ila mlishakionyesha kwenye bango miezi minne iliyopita na hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, hamjaomba.

Anza na bango; mrabaha, yaani malipo mtakayopata kampuni ikiuza, baadaye. Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 ya kuomba hataza tangu aweke wazi uvumbuzi wake. Ulaya, kwa kawaida, bango hilo linatosha kuua ombi. Lisomeni upya na wakili wa hataza: kama lilionyesha matokeo tu bila kueleza utando wa kitambuzi unavyotengenezwa, mbinu hiyo huenda bado inaombeka. Kwa sasa msiitumie kampuni kitu kipya bila mkataba wa usiri.

Nani alilipia utafiti? Mfadhili akiwa na haki humo, hamwezi kuahidi upekee peke yenu.

Upekee wenyewe ufungeni kwa matumizi, mfano kupima maji, si damu. Wekeni na tarehe: wasipotoa kifaa cha majaribio kufikia siku hiyo, upekee unakoma. Wapo wanaochukua leseni ili kuikalia tu, mshindani asiipate. Mrabaha uhesabiwe kwenye mauzo, si kwenye faida. Faida huyeyukia kwenye vitabu vya mhasibu. Haki ya kuendelea kutafiti na kuchapisha ibaki kwenu, kwa maandishi.