Huyu Drucker wanaemtaja kila semina alikuwa nani?

SWALI: Habari mhariri, kazini kwetu kila semina ya uongozi lazima atajwe Peter Drucker, ila hakuna anaesema aliishije. Alikuwa na familia au ni kazi tu? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Familia alikuwa nayo ndugu yangu, na aliipenda sana. Drucker, mwandishi na mwalimu maarufu wa mambo ya uongozi wa kampuni na taasisi, kazaliwa Vienna, Austria, 1909, Hitler aliposhika madaraka 1933 yeye akaondoka Ujerumani alikokuwa anaishi akaenda London, sasa siku moja yuko kwenye ngazi za umeme stesheni ya Piccadilly Circus, mmoja anapanda mwingine anashuka, akamuona Doris, binti waliyefahamiana tangu Ujerumani, basi ndo ikawa hivyo, wakaoana, 1937 wakahamia Marekani na wakapata watoto wanne.

Kufundisha ndo kulikuwa maisha yake. New York University zaidi ya miaka 20, halafu kuanzia 1971 Claremont, California, na alipita miaka 90 bado anaingia darasani! Alisisitiza mfanyakazi ni hazina, sio gharama tu ya kupunguza, na hilo mimi naona mabosi wengi hapa kwetu bado hawajalielewa.

Mama Doris alikuwa anakaa nyuma ukumbini, sauti ya mumewe ikishuka anampigia kelele aongeze, mpaka uzeeni akabuni kifaa cha kumuonyesha msemaji kama sauti inafika. Mzee alifariki nyumbani Claremont Novemba 2005 akiwa na miaka 95, na mama akamfuata 2014, ana 103.