Wadogo zangu, simu kwanza ndipo kamera

Jumanne iliyopita nilikuwa kusini mwa Pratt, Kansas, nimeegesha pembeni ya barabara ya changarawe, nikaliona gari la vijana wawili wa kundi letu la kufuata na kupiga picha tornado linanipita kasi kuelekea kaskazini, moja kwa moja kwenye kulabu, ule mkia wa dhoruba ambamo tornado huzaliwa. Nilipiga honi mpaka kiganja kikauma. Waliporudi, kioo cha mbele kilikuwa kimejaa nyufa za mvua ya mawe, na wao wanacheka. Usiku wakarusha picha: wingu jeusi, na chini yake maneno "Tornado EF4, saa 11:40". Sikulala vizuri. Hasira ilikuwepo, sikatai, lakini zaidi ni kwamba kila kosa lililomo katika mstari ule nimewahi kulifanya mimi, na kosa jingine ambalo wao hawajalifanya bado, mimi nililifanya na mtu akaumia.

Basi nimekaa niandike. Juni yote iko mbele yetu, na mwaka huu wageni ni wengi: wanafunzi wa Wichita, madereva wa malori wa Oklahoma City, hata mdogo wangu mmoja wa Bukavu aliyeendesha usiku kucha kutoka Iowa akafika na sufuria la pilau kwenye kiti cha nyuma, amelifunga mkanda kama abiria. Karibuni sana. Nawapenda, na mnanipandisha presha.

1. Saa. Aliyeandika "saa 11:40" alimaanisha jioni, na kila Mswahili alimwelewa. Mmarekani aliyeiona akaelewa saa sita kasoro dakika ishirini usiku, akaanza kuuliza kuna dhoruba gani Pratt muda huo. Watu wa hali ya hewa hutumia Zulu, yaani saa moja ya dunia nzima (UTC), inayoandikwa Z, na msimu huu Pratt iko nyuma ya Zulu kwa saa tano, kwa hiyo picha ile ni ya 22:40Z. Weka kamera yako kwenye Zulu kabla hujatoka nyumbani, uiache hapo hapo. Mkumbuke pia kwamba 22:40Z kwetu Tanga ni saa saba na dakika arobaini usiku. Mama yangu alipokea picha yangu ya kwanza muda kama huo, akaona neno "kimbunga", akaamsha nyumba nzima wanisomee dua. Na tangu kimbunga Hidaya kipige pwani yetu mwaka 2024, neno hilo limezidi uzito. Waambieni kwanza kwamba mko salama, kisha mseme ni tornado, si kimbunga cha baharini, kisha ndipo picha.

2. Hakuna anayeijua EF, daraja la nguvu ya tornado, kwa macho. Daraja hutolewa baadaye na watu wanaotembea kwenye mabaki, wakitazama ukuta upi umeanguka na ulikuwa umefungwaje kwenye msingi. Tornado ya El Reno, Oklahoma, ya 2013 ilibaki EF3 kwenye kumbukumbu rasmi, ingawa rada za kwenye magari zilipima upepo wa zaidi ya kilomita 400 kwa saa, kwa sababu sehemu kubwa ilipita mashambani na haikupata majengo ya kuvunja. Na ile ya Jumanne, wadogo zangu, haikuwa tornado kabisa. Yalikuwa mapande ya wingu yananing'inia chini ya ukuta, lile wingu zito linaloshuka chini ya dhoruba. Tazama dakika nzima bila kupepesa: linazunguka au linapanda tu? Kama halizunguki, usiandike.

3. Njia ya kutokea. Kusini-mashariki mwa dhoruba, uso kaskazini-magharibi, barabara ya lami ya kwenda kusini ikiwa wazi nyuma yako. Hili mnalijua. Mnaliacha pale picha inapokuwa nzuri. Nitarudi tena El Reno kwa sababu sitaki kuizoea. Tarehe 31 Mei 2013 tornado ile ilikuwa ikielekea mashariki na kusini kidogo, ikageuka kaskazini-mashariki, ikaongeza kasi, ikapanuka mpaka kilomita 4.2, na mvua ikaifunika. Tim Samaras, mtafiti wa tornado, alifia pale pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Tim ndiye aliyeweka chombo njiani mwa tornado ya Manchester, South Dakota, mwaka 2003, kikarekodi shinikizo la hewa likishuka milibari 100. Alikuwa mtu mwangalifu, aliyeheshimiwa kwa uangalifu wake. Ninyi mna misimu miwili.

4. Simu. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Ulikuwa msimu wangu wa tatu. Nilikuwa magharibi mwa Kansas, kati ya rada ya Dodge City na ile ya Goodland, zaidi ya kilomita 100 kutoka kila moja. Mnajua maana yake: umbali huo, mwale wa chini kabisa wa rada unapita kama kilomita moja na nusu juu ya ardhi. Kinachotokea chini ya wingu rada haikioni. Anayekiona ni aliyesimama pale, na siku ile aliyesimama pale nilikuwa mimi peke yangu. Nilitazama barabara pande zote mbili, hakuna gari jingine, nikafurahi. Nilifurahi kwamba picha itakuwa yangu tu.

Supaseli, yaani dhoruba kubwa inayozunguka, ilikuwa na onyo la mawe na upepo, la tornado bado. Ukuta ukashuka. Halafu chini yake, kwenye shamba lililolimwa, vumbi likaanza kuzunguka. Mkonga wa wingu haujashuka hata nusu, lakini vumbi lilikuwa linazunguka ardhini, na mimi nilijua kabisa kwamba hiyo tayari ni tornado. Nawaambia hili ili msije mkanitetea. Nilijua.

Jua lilikuwa limetoboa kutoka magharibi. Vumbi likawa jekundu, mkonga mweupe, na upinde wa mvua ukaingia upande wa kulia wa fremu. Nikapiga picha arobaini na moja. Kisha nikachukua simu. Mtandao ulikuwa na mstari mmoja tu, na mstari ule mmoja niliutumia kupandisha picha. Nilikaa nimeinama juu ya kioo cha simu nikitazama asilimia zinavyopanda, thelathini, thelathini na nne, nikiishikilia simu juu ya paa la gari ipate nguvu. Ilipokwisha ndipo nikapiga ofisi ya hali ya hewa.

Aliyepokea alikuwa mpole. Akaniuliza iko wapi, inaelekea wapi, ipo ardhini? Nikajibu. Akauliza, "Ilianza saa ngapi?" Nikatazama picha ya kwanza. Zilikuwa zimepita dakika saba. Akanyamaza kidogo, akasema asante, na onyo likatoka wakati bado nimeshika simu. Simu yenyewe ikaanza kulia mkononi mwangu, kama zilivyolia simu zote za eneo lile.

Mzee mmoja simu yake ililia akiwa tayari chini ya kifusi cha nyumba yake. Alikuwa akiishi kwenye nyumba ya trela, hatua chache kutoka nyumba kubwa ya shamba ya binti yake, na nyumba ile kubwa ilikuwa na chumba cha chini ya ardhi. Dakika saba zingemtosha kuvuka uwanja, hata kwa mkongojo. Nilifika kabla ya gari la wagonjwa. Mimi ni muuguzi, kazi ya mikono yangu naijua. Nilimtuliza shingo, nikamfunika, nyonga ilikuwa imevunjika. Akanishika kifundo cha mkono, akaniambia kwamba alikuwa anatazama televisheni na hakuna aliyemwambia kitu. Akaniuliza kama mimi niliiona inakuja. Nikamjibu, "Ndiyo, baba, niliiona." Hakusema neno. Aliendelea kunishika mpaka walipokuja kumchukua.

Alipona, ila hakutembea tena bila kigari. Nilimtembelea mara mbili, na mara ya pili binti yake hakunifungulia. Ana haki. Picha ilipendwa na watu wengi kuliko picha yangu yoyote, kabla na baada. Niliishusha kesho yake, lakini faili halisi nililipeleka ofisini pamoja na zile arobaini nyingine, na zikawasaidia kupanga dakika kwa dakika tornado ilipopita. Hapo ndipo nilipojifunza picha ina kazi gani.

5. Mengine kwa haraka. Tafuta fokasi kwa mkono kwenye nguzo ya mbali mapema, kabla mwanga haujafifia. Acha ardhi ionekane kwenye fremu. Ukiongeza kontrasti ili mkonga uonekane ndani ya mvua, sema umeongeza, na tuma pia ya asili. Usipige picha ya mtu aliyesimama kwenye kifusi cha nyumba yake. Udongo mwekundu wa Oklahoma ukilowa ni utelezi mtupu, usiuingie. Jaza mafuta tanki likiwa nusu.

Na barabara. Machi 2017 wenzetu watatu walikufa Texas magari mawili yalipogongana njia panda. Aprili 2022 wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Oklahoma walikufa wakirudi kutoka Kansas, lami imelowa. Anayeendesha haangalii rada, haangalii wingu, hagusi simu. Mwenye usingizi aseme, tutalala motelini hata wanne chumba kimoja.

Jumamosi mstari mkavu, mpaka wa hewa kavu na hewa yenye unyevu ambapo dhoruba huanza, unaonekana kukaa karibu na Woodward, Oklahoma. Tukutane kituo cha mafuta cha siku zote saa tano asubuhi, saa zetu. Wale wawili wa Jumanne watapanda gari langu, kioo chao kikibadilishwa. Kabla hatujaondoka nitapita kwa kila mmoja anioneshe namba ya ofisi ya hali ya hewa ya Norman na ya Dodge City kwenye simu yake, juu kabisa, juu ya mama. Na wewe wa Bukavu, njoo na lile sufuria.