Betri za drili zikae miezi 8

Ndugu yangu wa Chumbageni, umeuliza uziwekeje betri zako mbili za drili, za volti 18, miezi 8 utakayokuwa safarini. Usizijaze. Betri ya lithiamu iliyojaa pomoni ikikaa kwenye joto huchakaa haraka, na Tanga joto tunalo. Ziache nusu: seli 5 zimefuatana ndani, kila moja ikiwa nusu ina volti 3.7 hadi 3.8, kwa hiyo mita ikisoma volti 18.5 hadi 19, inatosha. Kisha zichomoe kwenye drili na kwenye chaja, maana vyote viwili huweza kuzinyonya kidogo kidogo.

Darini chini ya bati hapana. Kabati la chumba chenye kivuli ni bora. Vile vibati vya mdomoni vifute vikauke, uvifunike kwa utepe wa umeme, hewa ya chumvi isivile na msumari usiviunganishe.

Mwachie mtu azipime kila miezi 3. Zikishuka hadi volti 16 azirudishe nusu. Ila iliyolala muda mrefu chini ya volti 12.5, tafadhali msiilazimishe: shaba ya ndani huweza kuyeyuka, na ukichaji ikaganda upya, ikapiga shoti, hata ikawaka. Iliyovimba nayo itoeni nje ya nyumba siku hiyohiyo.