Umri au rika? Soma hili kabla ya kuandika pendekezo la utafiti wa ukuaji

Ukiwapima kumbukumbu watu wa miaka 20, 40 na 60 katika wiki moja, ukakuta wa 60 wana alama za chini, bado hujaonyesha kwamba uzee unashusha kumbukumbu. Umelinganisha watu waliokulia nyakati tofauti. Kenya ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, kwa hiyo mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka huo anaweza kumzidi bibi yake kwa miaka mingi ya darasani na kwa mazoea ya mitihani. Utafiti wa mara moja huchanganya umri na rika, yaani watu waliozaliwa na kukulia wakati mmoja. Sifa yake ni wepesi: unamaliza kwa miezi michache, na hakuna mshiriki wa kumtafuta tena.

Mwanasaikolojia K. Warner Schaie alilikabili tatizo hili Seattle, Marekani, kuanzia 1956. Alirudi kuwapima watu wazima walewale kila baada ya miaka 7 na kila mara akaongeza wapya. Ulinganisho wa mara moja ulionyesha akili ikishuka mapema. Ufuatiliaji ulionyesha kwamba uwezo mwingi haushuki sana kabla ya miaka 60.

Lakini ufuatiliaji hula watu. Anza na watoto 200, poteza asilimia 10 kila awamu, na baada ya awamu tano za marudio umebaki na 118. Na hawapotei kwa bahati nasibu: wanaohama na wanaougua huondoka kwanza, wastani ukapanda bila mtoto yeyote kukua. Linganisha alama za mwanzo za waliobaki na za walioondoka, kisha uziripoti. Chukua namba za simu za ndugu watatu, maana laini hubadilishwa. Mradi wa Dunedin, New Zealand, ulioanza na watoto 1,037 waliozaliwa 1972–73, uliwapima zaidi ya asilimia 95 ya waliokuwa hai walipofika miaka 38; huwalipia nauli hata walio ng'ambo. Bajeti yako haifiki huko, ila nauli iwekee fungu.

Njia ya kati ni kufuatilia marika kadhaa sambamba. Anza 2026 na watoto wa miaka 6, 8 na 10, rudia 2028 na 2030: kwa miaka minne umegusa umri wa 6 hadi 14. Makundi yote matatu hupita miaka 10, na hapo ndipo pa kukagua tofauti za rika. Tahadhari: kundi lililoanza na miaka 6 litafika hapo likiwa limeshafanya jaribio mara mbili. Ongeza wachache ambao hawajawahi kupimwa, la sivyo mazoea yataonekana kama ukuaji.

Mwenye mwaka mmoja wa shahada ya uzamili achague utafiti wa mara moja wenye umri finyu, tuseme miaka 3 hadi 5, mtaa mmoja. Tarehe ya kuzaliwa itoke kwenye kadi ya kliniki. Darasa si umri, wapo waliorudia. Kwenye matokeo andika “tofauti kati ya makundi ya umri”. Neno “mabadiliko” waachie waliopima mtoto yuleyule zaidi ya mara moja.